Foleni ya Hela, Foleni ya Sukari

Vikao vya Benki Kuu ya Ulaya vya kupanga riba vilikuwa Alhamisi, na Alhamisi hizo sikuwahi kula chakula cha mchana. Saa nane kasorobo kwa saa za Frankfurt benki ilitoa tangazo la riba, mistari michache tu, bila kueleza sababu. Saa nane na nusu rais wa benki aliingia ukumbini kusema kwa nini. Zile dakika 45 za katikati ndizo zilizonilisha kuanzia mwaka 2008 hadi 2022. Ndani yake niliandika ripoti ya sekunde 60, nikaisoma kwa sauti ya chini huku naitazama saa, nikaipunguza, nikaisoma tena, nikairekodi na kuituma kwa idhaa ya Kiswahili iliyokuwa ikinunua kazi zangu. Ilipofika saa nane na nusu nilikuwa nimeshakaa kitini, kinasa sauti kimewashwa, nangoja kusikia kama nilichowaambia watu dakika chache zilizopita kilikuwa sahihi.

Saa za nyumbani hazisogezwi. Za Ulaya zinasogezwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo wakati wa baridi tangazo la Frankfurt lilifika Tanga saa kumi kasorobo alasiri, na wakati wa joto saa tisa kasorobo. Saa moja hiyo ndiyo iliyoamua kama ripoti yangu itawahi taarifa ya habari ya alasiri au italala hadi jioni. Nilikuwa mwandishi wa kujitegemea. Ripoti iliyokwenda hewani ililipwa, iliyobaki mezani kwa mhariri haikulipwa, na kodi ya nyumba Frankfurt haina habari na mambo hayo.

Sekunde 60 za Kiswahili pia zina ufupi wake. Mwenzangu wa idhaa ya Kiingereza alitaja eneo la euro kwa neno moja. Mimi nilisema "nchi zinazotumia sarafu ya euro". Yeye alipata nafasi ya takwimu tano, mimi mbili. Mwanzoni niliona wivu. Baadaye nikaanza kukata hata zile mbili, kwa kuwa mtu anayechambua mchele huku redio inaongea hawezi kuirudisha nyuma aitafute asilimia iliyompita.

Msikilizaji huyo kwangu alikuwa na sura. Mama ana genge Ngamiani, Tanga: nyanya, vitunguu, nazi, dagaa, mafuta ya kula ya kupima. Redio yake inakaa juu ya rafu, karibu na mizani. Kila nilichoandika nilikisoma kwanza kichwani kana kwamba namsomea yeye huku anampimia mteja mafuta. Mahali ambapo angeinua kichwa na kuuliza "ndiyo nini hiyo?", hapo nilifuta na kuandika upya.

Niliingia kazi hii kwa mlango wa uani. Nilikuwa mwanafunzi wa biashara Ujerumani, na jioni nilikuwa nafasiri habari za mashirika ili nipate nauli. Tarehe 15 Septemba 2008 benki ya Lehman Brothers ya New York ikaomba kutangazwa mufilisi, na kesho yake mhariri akanipigia. "Dada, wewe ndiye uliyesoma mambo haya. Njoo utueleze hawa watu wameuziana nini." Nilieleza kwa dakika tatu. Nikipata nafasi leo ningeeleza tofauti, kwa sababu siku ile nilikuwa nimebeba maneno ya darasani na nikayamwaga yote kama yalivyo.

Maneno yenyewe hayakuwa ya kutafutwa mbali. Hisa, amana, dhamana, deni, faida, hasara, mufilisi: watu wa pwani walikuwa na lugha ya biashara karne nyingi kabla mtu yeyote hajasimamisha sanamu za fahali na dubu, alama za bei kupanda na kushuka, mbele ya soko la hisa la Frankfurt. Shida ilikuja pale ambapo neno lilikuwepo tayari, na lilikuwa na uzito ambao Frankfurt hawaujui. Neno riba, kwa mfano. Redioni riba ni bei ya mkopo tu, tunaitaja kama tunavyotaja hali ya hewa. Lakini mtu aliyesoma chuoni kwa maalimu Ngamiani akisikia riba anasikia jambo lililoharamishwa, na ameharamishiwa kwa jina hilo hilo. Kwa miaka sita nilitamka neno lile kila mwezi na sikulifikiria. Kisha mwezi Juni 2014 Benki Kuu ya Ulaya ikashusha riba inayolipa kwa akiba za benki za biashara hadi chini ya sifuri, asilimia 0.10 hasi. Benki iliyolaza hela zake pale ilianza kulipishwa badala ya kulipwa.

Nikampigia mama kabla ya kuandika, jambo ambalo sikuwa nalifanya siku za kikao. Nilimweleza. Alinyamaza, nikasikia mteja akiuliza bei ya nazi, kisha akarudi. "Sasa kama ni hivyo, anayekula riba ni nani?" Sikuwa na jibu la haraka. Nikamwambia afikirie mwenye ghala: una gunia la mchele, hutaki kuliuza wala kumkopesha mtu, unalipeleka ghalani, na mwenye ghala anakwambia lipa, maana nataka ulitoe ukalifanyie kazi. "Hapo nimeelewa," akasema. "Hataki mchele ulale." Ripoti ya siku ile ilikwenda hewani na gunia la mchele ndani yake. Mhariri alisita, akasema wasikilizaji wa mjini watatuona tunawadharau. Nilimsihi aiache, na aliiacha. Bado naamini kwamba ndiyo ripoti iliyo wazi kuliko zote nilizowahi kuandika kuhusu benki ile.

Kosa langu kubwa ni la miaka miwili kabla ya hapo, na nalisema kwa kuwa vijana wanaoanza kazi hii huniuliza wachunge nini. Desemba 2011 na tena tarehe 29 Februari 2012, Benki Kuu ya Ulaya ilizikopesha benki za biashara hela za miaka mitatu, awamu ya kwanza euro bilioni 489, ya pili karibu bilioni 530. Jumla yake ilipita trilioni moja. Magazeti ya Ujerumani yaliandika "Billion", kwa sababu Mjerumani bilioni yetu anaiita "Milliarde", na "Billion" kwake ni elfu moja ya hizo. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, jicho likaona neno, mdomo ukasema bilioni moja, na taarifa ya habari ikatoka na kiasi kilichopungua mara elfu. Aliyetukosoa alikuwa msikilizaji mmoja wa Bukoba, alituma ujumbe mfupi wa adabu akiuliza inawezekanaje awamu mbili za mamia ya mabilioni zikazaa bilioni moja. Alikuwa amejumlisha, na mimi sikujumlisha. Tuliomba radhi kwenye taarifa iliyofuata. Tangu siku ile sikutuma tarakimu ambayo sikuiandika kwa sifuri zake zote kwenye karatasi, na karatasi hizo ninazo.

Lugha ya benki kuu nayo ina ufunguo wake, na kuujua ni nusu ya kazi. Enzi za rais wa benki Jean-Claude Trichet waandishi tulikuwa tunasubiri maneno mawili tu, kwamba benki inakaa macho kabisa. Akiyasema, ujue riba itapanda mwezi ujao. Aliyasema Machi 2011, Aprili ikapanda. Akaipandisha tena Julai, na Novemba mrithi wake Mario Draghi alianza kuishusha. Nilipenda kwamba Kiswahili kiliyachukua maneno yale bila kuhangaika. Mtu aliyelala kwenye nyumba yenye wezi mtaani anajua kukaa macho maana yake nini.

Kwa redio kuna tatizo lingine ambalo mwandishi wa gazeti halijui: habari za uchumi hazina sauti. Ripoti ya mechi ina mashabiki, ya mafuriko ina maji. Ukumbi wa soko la hisa la Frankfurt kuna utulivu wa ofisi, kwa kuwa sehemu kubwa ya biashara imehamia kwenye kompyuta siku nyingi. Nimewahi kusimama pale na kipaza sauti dakika 20 nikaondoka na mlio wa kiyoyozi.

Sauti ya kwanza niliyoipata ilikuwa Uholanzi, kwenye mnada wa maua wa Aalsmeer, kabla hakujapambazuka. Vitoroli vinagongana, magurudumu yanalia kwenye sakafu ya saruji, jengo halina mwisho. Mnada wenyewe unakwenda kinyume na wa kwetu: bei inaanzia juu na kushuka kwenye saa kubwa, na wa kwanza kubonyeza ndiye mnunuzi. Ukichelewa mtu amekuwahi. Ukiharakisha umelipa zaidi. Kwenye ndoo za mawaridi niliona karatasi zenye jina la Kenya, moja baada ya nyingine. Yalikatwa Naivasha, yakapanda ndege Nairobi.

Mwaka mmoja baadaye, Aprili 2010, mlima wa volkano wa Iceland uitwao Eyjafjallajökull ukatema majivu, na anga la sehemu kubwa ya Ulaya likafungwa karibu wiki nzima. Wenzangu wote waliandika kuhusu abiria waliolala kwenye viwanja vya ndege. Mimi nilikumbuka zile ndoo. Waridi lililokatwa halingoji majivu yatulie. Naivasha maua yalitupwa kwa tani, na vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani hadi ndege ziruke. Ripoti hiyo ndiyo ya kwanza ya kwangu kufungua taarifa ya habari, na nilikuwa na sauti za Aalsmeer nilizozihifadhi bila kujua nazihifadhia nini. Maua hayo yalirudi tena kwenye kazi yangu Oktoba 2014, pale Umoja wa Ulaya ulipoanza kuyatoza ushuru kwa miezi michache kwa sababu mkataba wa biashara na Jumuiya ya Afrika Mashariki ulikuwa umechelewa. Ushuru ule uliigusa Kenya peke yake. Wenzake wa jumuiya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, walikuwa kwenye orodha ya nchi maskini zaidi na bidhaa zao ziliendelea kuingia bure. Sikuwahi kupata maswali mengi ya wasikilizaji kuhusu ushuru kama wiki zile.

Lakini nilichotaka kusimulia tangu mwanzo ni Athens.

Habari ya Ugiriki niliibeba kwa miaka mitano na nusu kabla sijaielewa. Oktoba 2009 serikali mpya ilifungua vitabu na kukuta nakisi ya bajeti ni kubwa mno kuliko iliyokuwa ikitajwa. Mei 2010 ukaja mkopo wa kwanza wa uokozi, euro bilioni 110, theluthi mbili na zaidi kutoka nchi za euro na bilioni 30 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Mwaka 2012 ukaja wa pili. Kila mkopo ulikuja na masharti, na kila mara niliandika "hatua kali za kubana matumizi". Nimehesabu kwenye maandiko yangu ya zamani: sentensi hiyo imo karibu kila ripoti. Ilikuwa sahihi na haikumfikia mtu.

Mwishoni mwa Juni 2015 waziri mkuu Alexis Tsipras aliitisha kura ya maoni kuhusu masharti mapya. Benki Kuu ya Ulaya ikagoma kuongeza hela za dharura kwa benki za Ugiriki, na Jumatatu ya tarehe 29 benki zikafungwa nchi nzima. Mwenye kadi aliruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Nilikata tiketi kwa hela yangu. Mhariri aliahidi kununua ripoti tatu.

Athens ilikuwa na sauti. Mashine ya kutolea hela, ukisimama karibu na jioni imetulia, inahesabu noti kwa mlio kama wa mtu anayechanganya karata. Watu hawasemi kitu mpaka mlio ule uishe. Noti za 20 zilikuwa zimeanza kuadimika, kwa hiyo mashine nyingi zilitoa noti moja ya 50 na zile 10 zikapotelea hapo. Jumatano baadhi ya matawi yalifunguliwa kwa ajili ya wastaafu wasio na kadi, euro 120 za kuwavusha wiki. Wazee walifika alfajiri. Kivuli cha jengo kilikuwa kinasogea na foleni inasogea nacho, lakini mlango haujafunguliwa, kwa hiyo mstari mzima ulikuwa unapinda taratibu kando ya ukuta kulifuata giza la baridi. Bibi mmoja alikuwa amesimama na kitambulisho chake mkononi, amekishika kwa vidole viwili kama mtu anayeogopa kukichafua. Nilirekodi kila kitu. Usiku, kwenye chumba cha hoteli, nikajaribu kuandika, na ikatoka tena ile sentensi ya kubana matumizi.

Nikapiga simu Tanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wamepata hela?"

Nikamweleza foleni, 60, wazee, kivuli. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Hao wanapanga foleni ya hela," akasema. "Sisi tulipanga foleni ya sukari, na hela tunazo mkononi. Waulize kama wanaweka mawe."

Sikuelewa. Akanieleza kwamba miaka ile ya mwanzo wa themanini, mbele ya duka la ushirika, mtu alipochoka au mtoto alipolia kwa njaa, aliweka jiwe mahali pake na kwenda nyumbani kunyonyesha. Jiwe lilimshikia nafasi na watu waliliheshimu. Kila mtu alilijua jiwe lake. La kwake lilikuwa na doa jeupe, na mtoto aliyekuwa akienda kumnyonyesha ni kaka yangu mkubwa.

Ripoti ya kesho yake ilianza na mawe ya Tanga, ikaingia kwenye mlio wa mashine ya Athens, na ilikuwa na takwimu moja tu, 60. Sikutaja kubana matumizi. Nilisema Wagiriki wameambiwa wafunge mkanda. Watu wazima wa Tanzania wanaukumbuka mkanda ule, tangu ile miezi 18 tuliyoambiwa tuvumilie baada ya vita vya Kagera, miezi ambayo ilizaa miaka.

Meseji zilizokuja zilinionesha nilikuwa nimekaa upande gani wa meza miaka yote. Nilidhani mimi ndiye ninayewaeleza watu wa nyumbani jambo la kigeni. Wao walikuwa wameshalipitia. Walijua makubaliano ya mwaka 1986 kati ya Tanzania na IMF, walijua shilingi kushushwa thamani, walijua kuchangia gharama hospitalini na shuleni, walijua kupunguzwa kazini. Mjomba wangu mwenyewe alipunguzwa kwenye kiwanda cha umma miaka ya tisini akiwa na watoto watano, na sikuwahi hata siku moja kumuunganisha na habari ya Ugiriki niliyokuwa nikiisoma redioni kwa sauti ya utaalamu. Wakenya waliandika, na mwalimu mmoja wa Lubumbashi, na wote waliuliza swali ambalo ukumbini Frankfurt nililisikia mara chache mno: mali za umma zitakwenda kwa nani?

Walikuwa mbele ya habari. Julai 5 Wagiriki walipiga kura, asilimia 61 wakasema hapana, na wiki moja baadaye serikali yao ikakubali masharti magumu vilevile ili ipate mkopo wa tatu wa hadi bilioni 86. Desemba mwaka ule viwanja 14 vya ndege vya mikoani na visiwani vilitiliwa saini kwenda kwa kampuni ya Fraport na mshirika wake, kwa euro bilioni 1.2. Fraport ndiyo inayoendesha uwanja wa ndege wa Frankfurt, na wenye hisa wakubwa ni jimbo la Hesse na mji wenyewe wa Frankfurt. Mwaka 2016 wingi wa hisa za bandari ya Piraeus ukaenda kwa kampuni ya meli ya COSCO ya China. Nilimjibu yule mwalimu wa Lubumbashi kwa ripoti nzima, na ilikuwa deni.

Wakati huo Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa imeshahamia jengo lake jipya, lililofunguliwa rasmi Machi 2015. Minara ya vioo imepandwa kwenye Grossmarkthalle, soko la jumla la matunda na mboga lililojengwa mwaka 1928, kubwa kiasi kwamba wenyeji waliliita kanisa la mboga. Nilipomwambia mama kwamba benki inayopanga riba ya Ulaya iko kwenye soko la mboga alifurahi sana, akanitaka nimpigie picha. Nilimpelekea. Sikumpelekea ya upande wa pili, penye kumbukumbu ya Wayahudi zaidi ya 10,000 waliokusanywa kwenye ghala la chini la soko lile kati ya mwaka 1941 na 1945 na kupakiwa kwenye treni. Sikuwahi kuingia pale siku ya kikao bila kupita kwanza upande ule.

Kikao changu cha mwisho kilikuwa tarehe 21 Julai 2022. Siku ile benki ilianza ratiba mpya: tangazo saa nane na robo, mkutano na waandishi saa tisa kasorobo. Dakika zangu 45 zilikuwa zimekatwa zikabaki 30. Na siku hiyo hiyo riba ikapanda kwa asilimia 0.5, mara ya kwanza tangu Julai ile ya Trichet, miaka 11. Mfumuko wa bei ulikuwa umepita asilimia 8. Mama alikuwa ameniuliza asubuhi, kwa sababu vita vya Ukraine vilishapandisha mafuta ya kula mpaka wateja wake wakaanza kununua kwa vijiko: riba ikipanda huko, mafuta huku yanashuka lini?

Nilikaa na kuandika swali lake kama sentensi ya kwanza. Kisha nikaandika jibu, kwamba riba ya Frankfurt inapandishwa kwa ajili ya bei za Ulaya, kwamba hela zikivutwa kwenda kule ambako riba ni kubwa shilingi inaweza kudhoofika, na mafuta yanayonunuliwa kwa dola yakazidi kuwa ghali gengeni. Nikaisoma mara mbili. Sekunde 58. Rais wa benki Christine Lagarde alipoingia ukumbini ripoti ilikuwa imeshafika, na mama alikuwa ameongeza sauti ya redio.